Upande wa Usukani

Mimi ni mkali, na sioni haya kulisema. Nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hii ukiifanya kwa upole utazikwa mapema. Wanafunzi wangu wananiita Breki wakidhani sijui. Najua. Kwenye gari langu la kufundishia, upande wa abiria ninakokaa mimi, kuna pedali ya pili ya breki, na mguu wangu unakaa juu yake kutwa nzima. Nimewafokea mawakili, nimewafokea mabwana harusi watarajiwa, nimemfokea daktari mmoja akalia mpaka nikampa leso yangu, na hakunirudishia. Wote leo wana leseni na wote wako hai. Hiyo ndiyo sifa yangu, inanitosha.

Kuna mtu mmoja tu ambaye nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti, naye ni dada yangu. Mama yetu alifariki mimi bado sijui kufunga vifungo, na Dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana wa shule, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanisuka, akanichapa nilipostahili na kunificha nilipostahili zaidi. Mpaka leo nikiingia kwake sikai mpaka aniambie kaa. Wanafunzi wangu wangeniona siku moja tu nikiwa sebuleni kwa Dada, nimekunja mikono kama mtoto mwema, heshima yangu mjini ingekwisha.

Shemeji, mume wake, alikuwa msambazaji wa mayai. Alikuwa na pikapu nyeupe yenye turubai nyuma. Kila asubuhi alikwenda kwa wafugaji wa kuku nje ya mji, akapakia trei za mayai, kisha akayapeleka madukani, kwenye migahawa, kwenye bweni la wauguzi, na kwa mwoka keki mmoja mbishi aliyekuwa akiligonga kila yai kwa kucha kabla ya kulipokea. Dada alikaa pembeni yake siku zote. Yeye ndiye aliyeshuka, akasalimia, akauliza habari za watoto na kubishana na mwoka keki. Shemeji alibaki kwenye usukani akipiga miluzi. Asubuhi aliliwasha gari lipate moto, akapiga honi moja fupi, na Dada akatoka na mkoba wake. Walipendana wale watu, nakwambia, mpaka ukikaa nao unajiona umewaingilia.

Kisha Shemeji akafa. Moyo ulimsimama wakati anafunga kamba za turubai, mchana kweupe, na Dada yuko dukani kwa mteja anauliza habari za watoto.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, nikawa nampitia kila asubuhi kabla ya somo la kwanza. Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa, amejifunga kitambaa chake cha kichwa, mkoba uko mapajani.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Siendi popote."

"Mbona umevaa?"

Akajitazama. "Sijui," akasema. "Nikija kushtuka nakuta nimeshavaa."

Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nikawa naingia garini kwangu nalia kwanza ndipo niondoke, na mwanafunzi wa asubuhi akawa anapata mwalimu mwenye macho mekundu na mdomo mchungu maradufu. Wateja walimpigia simu. "Mama Mayai, mnarudi lini? Huyu wa pikipiki anatuletea mayai yana nyufa." Na Dada anajibu kwa upole, "Sijui, mwanangu," kisha anaiweka simu chini na kuendelea kukaa.

Binti yake naye akanipigia. Anaishi mbali, ana kazi nzuri na roho nzuri zaidi, sina neno baya juu yake. "Mama mdogo," akaniambia, "mwisho wa mwezi ujao nakuja kumchukua Mama. Chumba nimeshakipaka rangi. Pikapu tutaiuza." Alikuwa ananong'ona, ingawa Dada hakuwepo karibu na simu.

Nikamuuliza Dada anaonaje. Akasema, "Wakinichukua nitakwenda. Wakiniacha nitabaki."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Hukumjua Dada. Huyu ni mtu aliyemrudisha mchumba wangu wa kwanza getini kwa sababu alisalimia huku anatafuna, na alikuwa sahihi. Ni mtu mwenye la kusema juu ya unavyofua, unavyopika, hata unavyokunja mwavuli. Sasa kafika kwenye maisha yake mwenyewe na hana la kusema. Angechukuliwa na kuwekwa kwenye chumba chenye rangi mpya, angekaa pale na mkoba wake, na hatungempata tena.

"Nitakufundisha kuendesha," nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Lilinitoka tu. "Pikapu ipo, wateja wapo, njia zote unazijua."

"Mimi?"

"Wewe, Dada. Kama hutajali."

"Haya," akasema, kwa sauti ileile ambayo angeitikia hata ningemwambia nitamfundisha kuruka angani.

Somo la kwanza lilianza kwa kichekesho. Tulitoka nje, tukalizunguka gari langu la kufundishia, na mikono yetu ikakutana kwenye kitasa cha mlango mmoja. Mlango wa abiria. Mimi kwa kazi, yeye kwa ndoa, sote wawili tulikuwa watu wa upande ule. Tukatazamana, naye akacheka. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka, na nilifurahi mpaka nikamfungulia mlango wa dereva na kumwinamia kidogo kama mhudumu wa hoteli.

Kichekesho kiliishia hapo. Tatizo likawa mimi. Mwanafunzi akienda vibaya mimi nasema "Breki" na neno linamfikia kabla hajakosea. Lakini Dada utamwambiaje breki, hivihivi, kavu? Nikajikuta nasema, "Dada, samahani, naona kama pale mbele kuna mfereji, sasa kama utaona vyema kupunguza mwendo…" na kufikia hapo tairi la mbele limeshaingia mferejini. "Dada, si kwa ubaya, ule ukuta…" Ule ukuta tuliusalimia kwa bampa. Pedali yangu ya pili ilifanya kazi mwezi ule kuliko mwaka mzima. Na bado nikawa namsifia. "Umejitahidi sana, Dada," nikimwambia, jasho linanitiririka mgongoni.

Siwezi kusema hakujifunza. Mikono yake ni myepesi. Klachi aliizoea, gia akazijua, kurudi nyuma akawa anarudi vizuri kuliko vijana wangu wengi. Kilichomshinda ni njia panda. Tukifika penye njia panda alikanyaga breki, akasimama katikati, akanigeukia.

"Niende wapi?"

"Popote unapotaka, Dada."

Basi hapo tumekwama. Alikaa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, nyuma magari yanapiga honi, mtu wa lori ametoa kichwa dirishani anatutukania ukoo, na Dada ananitazama tu. Mwishowe nilisema kulia, au nilisema kushoto, akaenda. Kila siku. Mji ambao ameuzunguka maisha yake yote, anaujua mpaka vichochoro vyake, na hakuwahi hata mara moja kuchagua upande.

Nilimpeleka kwenye mtihani hivyohivyo, nikijipa moyo kwamba kwenye mtihani mtahini ndiye anayesema kata kulia, kata kushoto. Ndiyo, najua. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja.

Uwanja wa mtihani una uzio wa waya, na sisi walimu tunasimama nje ya uzio kama wazazi siku ya kufungua shule. Mtahini wa siku ile alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye faili, ambaye walimu wote tunamwogopa kwa sababu hacheki. Akamwita Dada. Dada akaenda, amenyooka, kitambaa chake kizuri kichwani, akamsalimia kwa adabu. Kisha akalizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaingia. Akafunga mkanda. Akaweka mkoba mapajani, akatazama mbele.

Walimu wenzangu wakaanza kucheka. Hata mimi nilikuwa karibu kucheka, nikingoja ajishtukie atoke. Hakutoka. Mtahini akainama dirishani. Gari lilikuwa karibu na uzio, nilisikia kila neno.

"Mama, dereva yuko wapi?"

"Anakuja," akasema Dada, ametulia kabisa. "Sasa hivi anakuja."

Kicheko kikakatika. Nikaona Dada anasikia alichokisema. Akashusha macho kwenye mkoba wake na hakuyainua tena.

Yule bwana mwembamba namwomba radhi kwa yote niliyowahi kumsema. Alilifunga faili, akafungua mlango taratibu, akamsaidia kushuka, akamleta mwenyewe mpaka kwangu. "Nitaandika kwamba hakufika," akaniambia chini chini. "Mlete wiki ijayo."

Nikaendesha mimi. Dada alikaa pembeni, ameegemea dirisha.

"Mpigie mwanangu," akasema. "Mwambie aje hata kesho. Mimi si mtu wa kuendesha. Mimi ni mtu wa kupakiwa."

Nilisimamisha gari kando ya barabara, mbele ya duka la vioo, watu wanapita. Na hapo, Mungu anisamehe, nikamfokea dada yangu.

"Hakuna anayekuja, Dada. Unanisikia? Shemeji amekufa. Tulimzika, mimi na wewe, tulisimama pale. Hakuna mtu atakayepiga honi, wala hakuna atakayekuambia kata wapi. Nimechoka kukukuta mlangoni umevaa. Ukitaka kwenda kwa mwanao, nenda, lakini useme nataka kwenda. Ukitaka kulala kitandani mpaka uote ukungu, sema nataka kulala, nitakuletea mto. Lakini sema kitu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema, halafu unaniachia mimi peke yangu maneno yote."

Fundi wa vioo alikuwa ametoka mlangoni kutazama. Mimi nilikuwa nasubiri kofi, kwa maana mkono wa Dada ninaujua, una kasi. Kofi halikuja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Una sauti mbaya sana."

"Najua, Dada."

"Tangu msiba hakuna mtu aliyenisemesha hivyo," akasema. "Watu wote wananinong'oneza. Mwanangu akipiga simu ananong'ona. Wateja wananong'ona. Hata wewe, na mdomo wako huo, umekaa pembeni yangu mwezi mzima unanibembeleza, samahani Dada, kama hutajali Dada, na gari linaingia mferejini. Nikaanza kufikiri labda mimi ndiye niliyekufa, ila mnaona haya kuniambia."

Akaanza kulia. Msibani alikuwa amelia kwa adabu, kwa leso, huku anawauliza wageni kama wamekula. Safari hii alilia kwa mwili mzima, akagonga dashibodi kwa ngumi, akamwita mumewe kwa jina ambalo sikujua kama alikuwa akimwita, na sitalisema hapa kwa sababu si langu. Nikamkumbatia, mkanda unanikaba shingoni, nikalia naye. Fundi wa vioo akarudi ndani kwake.

Baadaye alipangusa uso, akakifunga upya kitambaa chake akijitazama kwenye kioo cha juu.

"Sasa shuka," akasema.

"Nishuke?"

"Ushuke uje huku. Nataka kuendesha."

Nilishuka upesi nikasahau kufungua mkanda, ukanirudisha kitini, na Dada akaniambia umri wote huu bado sijui kutoka kwenye gari. Nakuapia, sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Akawasha, akaingiza gia, akaondoka bila kutazama kioo. "Kioo!" nikamfokea. "Nimekiona," akajibu. "Hukukiona, ulikuwa unatazama barabara." "Kwani barabara si ndiyo ya kutazamwa?" Tukaenda hivyo, tunazozana, mimi nafoka kama ninavyofoka kwa mtu yeyote, yeye ananijibu neno kwa neno. Tukafika kwenye njia panda kubwa ya sokoni. Nikafunga mdomo. Niliuondoa hata mguu kwenye pedali, nikaurudisha chini ya kiti nisije nikamsaidia.

Alipunguza mwendo. Akasimama. Nyuma yetu mtu akapiga honi. Dada akatazama huku, akatazama kule, midomo yake inacheza bila sauti, kisha akawasha taa ya kushoto, akakata kushoto. Nyumbani kwake ni kulia.

Ikabidi mimi ndiye niulize. "Tunakwenda wapi?"

"Kwa mwoka keki," akasema. "Nataka kumwambia Jumatatu namletea mayai, na kama atayagonga kwa kucha atajua mimi ni nani."

"Dada, huna leseni."

"Basi Jumatatu ile nyingine."

Alipata leseni wiki iliyofuata. Mtahini alikuwa yuleyule. Nikiwa kwenye uzio nilimwona bwana yule anaingia upande wa abiria, na kabla gari halijaondoka nikamwona anafunga mkanda haraka haraka na kuliondoa faili lake kwenye dashibodi. Aliposhuka aliniambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuamrishwa na mtahiniwa akae sawasawa. Nikamjibu kwamba ana bahati, sisi wengine tumeamrishwa tangu utoto. Akacheka. Walimu wote uzioni walimwona, na mpaka leo wananiuliza nilimwambia nini.

Sitadanganya kwamba kila kitu kilikaa sawa. Asubuhi nyingine nikimpitia bado namkuta kwenye kile kiti cha mlangoni, anatazama ukuta. Lakini sasa funguo ziko mkononi, na baada ya muda anainuka. Siku moja aliniambia kwamba akifika kwa wateja anashuka kuwasalimia, halafu akirudi kwenye gari na kukuta hakuna mtu kwenye usukani, anasimama kidogo pale uani mpaka apate nguvu. "Kisha?" nikamuuliza. "Kisha naingia," akasema. "Mayai hayajipeleki."

Mwisho wa mwezi ukafika, na binti naye akafika. Kwenye simu tulikuwa tumemwambia tutampokea kituoni, hatukusema zaidi, kwa amri ya Dada. Tukaegesha pikapu ng'ambo ya lango la kituo, mimi nimekaa pembeni, nyuma kuna trei zimefunikwa turubai. Abiria wakaanza kutoka. Nikamwona binti anavuka, anavuta begi kubwa jipya, na begi lile lilikuwa linarukaruka kwenye mawe kwa sababu halikuwa na kitu ndani. Alikuwa amelileta kwa ajili ya nguo za mama yake.

Aliniona mimi kwanza, akaja upande wangu, akanishika mkono dirishani. "Mama mdogo," akanong'ona, "anaendeleaje?" Halafu akainama kidogo kutazama ndani, akamwona. Akatazama usukani. Akatazama mikono ya mama yake juu ya usukani.

"Mama," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta," akasema Dada.

Binti akasimama pale barabarani na begi lake tupu, watu wanampita huku na huku. Mdomo ulianza kumcheza kama alivyokuwa mdogo. "Lakini chumba nimeshakipaka rangi," akasema.

"Rangi gani?"

"Ile unayoipenda. Ya maziwa."

"Umefanya vizuri, mwanangu. Nitakuja kukiona, na nitalala humo, na utanipikia. Nitakaa siku mbili tatu nikuchoshe." Dada alinyoosha mkono, ukanipita kifuani, akamfuta mwanawe shavu kwa kidole gumba. "Kisha nitarudi kazini."

Nilisogea katikati kumpisha. Aliliweka begi nyuma, chini ya turubai, akapanda, akafunga mlango mara mbili kwa sababu mlango ule hufungwa kwa nguvu. Alilia njia nzima mpaka bweni la wauguzi. Dada akamwambia alie polepole, yeye anatazama barabara.